Taa tatu kwenye dashibodi: niende Arusha au nisiende?

BARUA

Wataalamu wa safu hii, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu, naishi Pasua, Moshi. Natumia Toyota IST ya mwaka 2004, cc 1298, otomatiki, niliyoinunua mkononi mwa mtu. Inanipandisha nyumbani Marangu mwisho wa wiki, na inanipeleka Arusha kumwona mama anayekaa Sakina.

Shida ilianza na ile taa ya njano yenye umbo la injini. Fundi wa kwanza alichomeka mashine, ikaandika namba ya hitilafu P0171, akaifuta, akaniambia tayari. Haikumaliza wiki ikarudi. Gereji ya pili walisema oksijeni sensa imekufa. Nikatoa laki moja na themanini, ikafungwa mpya, taa ikazima, kisha ikarudi vilevile. Sasa fundi wa tatu ananiambia nichague: akate masega (kile kifaa cha kusafisha moshi) kwenye ekzosi, au achomoe balbu ya hiyo taa nisisumbuke nayo tena.

Wakati nahangaika na hiyo, zimeongezeka mbili. Nikishuka kutoka Marangu kwenda Himo, kwenye kona taa nyekundu ya breki inawaka na kuzima, na hendibreki nimeishusha kabisa. Kwenye tambarare haionekani. Nyingine ni ile nyekundu yenye picha ya birika la oili. Nikifika Arusha na kusimama kwenye foleni pale Sanawari inapepesa, nikikanyaga mafuta kidogo inazima. Jirani yangu amesema oili ni nyepesi, niongeze nzito. Nikiangalia chini ya gari asubuhi sioni hata tone.

Jumamosi nina safari ya Arusha. Niende? Na pesa niendelee kuzitoa wapi, maana kila fundi anakuja na spea yake?

Mwalimu, Pasua

JIBU

Mwalimu, Jumamosi panda Kosta.

Sababu si ile taa ya njano iliyokula pesa zako. Hiyo ingeweza kusubiri. Sababu ni zile mbili nyekundu ulizozitaja baadaye kana kwamba ni nyongeza. Kwenye dashibodi rangi ndiyo inayopanga foleni: nyekundu unasimama na kukagua kabla ya kuendelea, njano unapeleka gari gereji ndani ya siku chache, kijani na bluu zinakupa habari tu, kwamba taa kubwa zimewashwa au injini bado ina baridi. Kuna njano moja inayovunja utaratibu huu, nayo ni hiyohiyo ya injini ikianza kupepesa badala ya kuwaka moja kwa moja. Tutaifikia.

Lipo jambo ambalo mafundi wako wote watatu wameliruka: taa haitaji spea. Nyuma ya kila taa kuna swichi au sensa inayopima kitu fulani. Ukijua inapima nini, unajua pa kuanzia, na unajua cha kumuuliza fundi kabla hajashika spana. Tutakwenda kwa mpangilio wa hatari.

Tuanze na birika. Wengi huamini taa hii inasema oili imepungua. Kwenye gari kama lako haipimi kiasi cha oili, inapima presha yake. Kuna swichi ndogo yenye waya mmoja iliyofungwa kwenye bloku ya injini. Presha ikianguka hadi karibu na bar 0.3, swichi inaunganisha ule waya na bodi, taa inawaka. Injini isiyo na hitilafu ikizunguka mara 3,000 kwa dakika ina presha kubwa kuliko hiyo mara nyingi, kwa hiyo taa ikiwaka wakati unatembea, tayari vyuma vinasagana bila utando wa oili katikati. Hapo huendeshi hadi gereji ya jirani. Unaweka gari pembeni, unazima injini, na likivutwa livutwe.

Kwa nini basi iwake Sanawari na isiwake Boma Ng'ombe? Umekimbia kilomita 80 hivi, oili imepata moto na kuwa nyepesi, halafu ukatoa mguu kwenye mafuta. Pampu ya oili inazungushwa na kranki, yaani mhimili mkuu wa injini, na kwenye sailensa (injini inawaka bila kukanyagwa mafuta) kranki inazunguka mara mia saba hivi tu kwa dakika. Oili nyepesi na pampu ya polepole vikikutana, presha inashuka hadi mpakani. Ukikanyaga kidogo, pampu inaongeza kasi na taa inazima. Tabia hii ina maana kwamba presha yako bado ipo, ila akiba imekwisha.

Anza na kisichokugharimu kitu. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, subiri dakika tano au zaidi oili irudi kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute kwa kitambaa, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena, ndipo usome. Ikiwa oili iko chini ya alama ya chini, ongeza nusu lita, subiri, pima tena. Usimimine galoni kwa kukadiria, kwa sababu oili ikizidi alama ya juu kranki inaipiga mpaka inakuwa povu, na povu halishiki presha. Ujazo kamili wa injini hii ni takriban lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Sukuma kijiti mpaka kikae na ukaze kifuniko cha oili, kwa sababu tutakayoieleza tukifika kwenye taa ya njano.

Kutoona tone chini hakumaanishi oili haitoki. Injini hizi za familia ya NZ, kama yako, zikizeeka huichoma ndani, kupitia ringi za pistoni na sili za valvu. Mteremko wa Marangu ni mahali pazuri pa kuligundua hilo. Unaposhuka muda mrefu bila kukanyaga mafuta, injini inanyonya oili kupitia sili zilizochoka, na ukikanyaga ukifika chini, nyuma linatoka wingu la bluu. Mwambie mtu aliye nyuma yako aangalie. Moshi ukiwepo, pima oili kila unapojaza mafuta, usingoje tarehe ya sevisi.

Ikiwa kiasi kiko sawa, angalia umri wa oili. Ikiwa hujui ilibadilishwa lini, badilisha yote pamoja na filta, weka oili ya daraja la 5W-30 kutoka duka unaloliamini, chupa iliyofungwa. Taa ikiendelea kupepesa, usikubali kufunguliwa injini wala kufungiwa swichi mpya kwa kubahatisha. Mwambie fundi afungue swichi ya oili, afunge geji ya mkono ya kupimia presha kwenye tundu lilelile, injini ikiwa ya moto, asome kwenye sailensa na kwenye mizunguko 3,000. Geji ikionyesha presha nzuri, swichi ndiyo mbovu, na hiyo ni spea ya bei ndogo. Geji ikiwa chini, fundi ashushe sampu aangalie kichujio cha kunyonyea oili, ambacho huziba kwa tope la oili iliyokaa muda mrefu. Kichujio kikiwa safi, zimebaki pampu na beringi za kranki, na hapo mazungumzo yanakuwa ya injini nzima.

Jirani yako si mwongo. Oili nzito itapandisha presha, na huenda taa ikazima kabisa. Ubaya ni kwamba itazima hata kama kichujio kimeziba. VVT-i, mfumo unaorekebisha muda wa valvu kufunguka, nayo inaendeshwa na oili inayopita kwenye vijia vyembamba na kichujio kidogo cha wavu, na asubuhi ya baridi kule Marangu oili nzito inachelewa kufika juu. Geji ikishasoma na ikajulikana ni uchakavu wa kawaida, kupanda hadi 10W-40 ni uamuzi wa busara. Kabla ya geji ni kufunika kipele kwa kitambaa.

Sasa breki, na hapa dalili uliyoieleza ni safi kiasi kwamba tunaweza kuhisi jibu tukiwa mbali. Taa hiyo ina swichi mbili: moja chini ya mkono wa hendibreki, nyingine ndani ya kitangi cha mafuta ya breki. Ya kwanza unaipima kwa kuuinua mkono wa hendibreki kidogo na kuushusha, ukiwa umesimama tambarare, ukiangalia kama taa inacheza. Isipocheza ovyo, iliyobaki ni ya kitangi. Ndani yake kuna boya lenye sumaku. Mafuta yakipungua, boya linashuka na kuwasha taa. Kwenye kona na mteremko mafuta yanaegemea upande mmoja, boya linashuka kwa sekunde mbili, taa inawaka, kisha barabara ikinyooka inazima. Kwa hiyo kitangi chako kimekaribia alama ya chini.

Yameenda wapi? Mara nyingi hayajaenda popote. Pedi za mbele zinapolika, pistoni za breki zinasogea nje kuzifuata, na nafasi iliyoachwa nyuma ya pistoni inajazwa na mafuta kutoka kwenye kitangi. Ndiyo maana fundi anayeona taa hii na kuongeza mafuta tu amekuzimia habari kwamba pedi zimekwisha. Na siku pedi mpya zikifungwa, pistoni zinarudishwa ndani, mafuta aliyoongeza yanafurika na kumwagikia rangi ya gari, ambayo huyaogopa sana.

Fungua boneti, tazama kitangi cha plastiki upande wa dereva, karibu na kioo. Kina alama MAX na MIN. Kisha vua tairi za mbele na uangalie unene wa pedi, ya nje na ya ndani, kulia na kushoto, maana ya ndani hulika kwanza bila kuonekana. Ikibaki milimita 3, badilisha zote nne za mbele. Usisubiri milimita 1 ambayo ndiyo kikomo. Nyuma una dramu, nazo zifunguliwe: kama ndani kuna unyevunyevu, silinda ya gurudumu inavuja, na viatu vya breki vilivyolowa hubadilishwa, haviokolewi kwa kuoshwa na petroli.

Pedi zikiwa nene na mafuta yakiwa chini, una mahali panapovuja. Washa injini, kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida na ushikilie nusu dakika. Pedeli ikizama taratibu kuelekea sakafuni, gari halitoki hapo lilipo. Kagua upande wa ndani wa kila tairi, mipira ya breki, na chini ya masta silinda.

Mafuta ya breki ya gari hili ni DOT 3, ya kopo lililofungwa. Yanavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo kopo lililokaa wazi kwenye rafu ya gereji si la kuaminika. Kiwango cha DOT 3 kinataka mafuta mapya yachemke si chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kikomo kinashuka hadi 140. Kwa mtu anayeshuka Marangu kila wiki tofauti hiyo ina uzito: breki zikipata moto, maji yaliyomo yanakuwa mvuke, mvuke unabonyea, na pedeli inakwenda chini bila gari kupungua mwendo. Badilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili. Ukianza kushuka, weka gia 2, na penye mteremko mkali L, acha injini ishike gari. Na mtu asije akakuwekea oili ya injini au ya usukani kwenye kitangi hicho eti yanafanana. Sili zote za mpira zitavimba, na utalipia mfumo mzima.

Kama gari lina ABS, kumbuka hili: taa ya njano ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida zipo, umepoteza tu kinga ya tairi kujifunga. Mara nyingi ni sensa ya gurudumu iliyojaa tope au waya wake uliovutwa. Ikiwaka pamoja na nyekundu ya breki, mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa umepotea, na tairi za nyuma zikajifunga kwanza. Hiyo ni ya kuvutwa.

Zile mbili zikishatulia, ndipo uirudie ya njano. P0171 inasema hivi: kompyuta imeona hewa imezidi petroli kwenye mchanganyiko, imejaribu kuongeza petroli mpaka ikafika kikomo, ikashindwa. Uwiano inaoutafuta ni sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, kwa uzito. Aliyetoa taarifa ni oksijeni sensa. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini wako ameuawa kwa laki moja na themanini, na mpya aliyefungwa ameleta taarifa ileile. Sensa inayojifia huwa na namba zake, kwa mfano P0135 ya hita yake. P0171 ilikuwa inakwambia uitafute hewa au uitafute petroli.

Vyanzo vikubwa ni vitatu. Cha kwanza ni hewa inayoingia bila kupimwa. Kwenye boksi la ea klina kuna sensa inayopima hewa yote inayoingia, na kompyuta inatoa petroli kulingana na kipimo hicho. Ukiwa na mpasuko kwenye bomba la mpira baada ya sensa hiyo, paipu ya buusta ya breki iliyokauka, paipu ya kupumulia injini iliyopasuka, au gasketi ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) iliyochoka, hewa ya ziada inaingia kwa mlango wa nyuma. Hata kifuniko cha oili kilicholegea au kijiti cha oili kisichokaa vizuri kinatosha, kwa sababu hewa inapita kwenye sampu na kuvutwa kupitia ile paipu ya kupumulia. Cha pili ni sensa ya hewa yenyewe kupata vumbi, nalo huku halihitaji kutafutwa. Uzi wake mwembamba ukifunikwa, inasoma hewa pungufu. Cha tatu ni petroli kidogo: pampu imechoka, au kichujio chake ndani ya tangi kimeziba.

Kuvitenganisha hakuhitaji spea hata moja. Mwambie fundi, akichomeka mashine, asiishie kwenye namba. Afungue data hai na atazame mstari unaoandikwa kwa kifupi LTFT, asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Kati ya -10 na +10 ni kawaida. Asome injini ikiwa ya moto kwenye sailensa, halafu ashikilie mizunguko 2,500 na asome tena, akijumlisha na STFT iliyo jirani yake. Ikiwa namba ni kubwa kwenye sailensa na inashuka ukikanyaga, kuna mahali panavuta hewa: mpasuko uleule ni sehemu kubwa ya hewa injini inapovuta kidogo, na ni sehemu ndogo inapovuta nyingi. Ikiwa kwenye sailensa iko sawa na inapanda ukikanyaga au ukipanda mlima, shuku sensa ya hewa au petroli.

Mahali panapovuta hewa panatafutwa kwa chupa ya kupulizia maji. Injini ikiwa kwenye sailensa, puliza maji kidogokidogo kwenye maungio ya manifodi na kila paipu, mbali na koili za plagi na soketi za umeme. Mlio wa injini ukibadilika, umepapata. Wapo mafundi wanaotumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii juu ya injini ya moto. Mzuie. Sensa ya hewa inasafishwa kwa dawa yake maalumu ya kopo, bila kuigusa kwa kidole wala kitambaa, inaachwa ikauke kabisa, inarudishwa. Na klipu za boksi la ea klina zifungwe zote. Mara nyingi hitilafu hii huzaliwa siku ya sevisi, mtu alipobadilisha filta akaacha upande mmoja wazi.

Ukiamua kununua kile kifaa kidogo cha bluutuuthi cha kusomea namba za hitilafu kwenye simu, kijaribu kwenye gari kabla ya kulipa. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 hayafuati sawasawa utaratibu wa Marekani wa kusoma hitilafu, na vifaa vya bei ya chini mara nyingine vinagoma kuzungumza nayo. Kwa sababu hiyohiyo, usiupe uzito ushauri unaozunguka mtandaoni kwamba taa ya injini ni kifuniko cha tangi kisichokazwa. Kipimo cha uvujaji wa mvuke wa petroli ni sharti la soko la Marekani, na gari nyingi za Japani za umri huo hazinacho.

Taa ya injini ikipepesa ni kesi nyingine. Hapo silinda moja haichomi, petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi na kuyaunguza masega. Punguza mwendo, zima eyakondishena, usikanyage sana, nenda gereji ya karibu. Mashine itatoa namba kama P0302, yaani silinda ya pili. Kabla ya kununua koili, fundi ahamishe ya silinda ya pili aiweke ya tatu. Namba ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, ahamishe plagi, kisha aangalie injekta.

Kuhusu masega: P0171 haihusiani nayo. Namba ya masega ni P0420. Ukikubali yakatwe, utabaki na P0171 yako, gari litapiga kelele na kunuka, na kwenye gari lenye sensa ya pili nyuma ya masega, taa itapata sababu mpya ya kuwaka.

Kuchomoa balbu tunakukataza kwa sababu iliyo wazi, lakini hila hiyo ina sura nyingine inayowahusu wote wanaonunua gari mkononi mwa mtu. Weka swichi ON bila kupiga stata. Taa ya oili, ya chaji, ya injini, ya eabegi, na ya ABS kama ipo, zote lazima ziwake. Ya ABS na ya eabegi huzima zenyewe baada ya sekunde chache, wakati ya oili, ya chaji na ya injini hungoja mpaka injini iwake. Taa isiyowaka kabisa hapo imechomolewa au waya wake umekatwa. Na taa ya eabegi ikizima sekunde ileile na ya chaji injini inapowaka, huenda mtu amezifunga pamoja ili mnunuzi asishtuke. Eabegi yenyewe isichezewe: betri ichomolewe, zipite angalau sekunde 90, ndipo mtu aguse soketi za njano chini ya viti au chini ya usukani, na asiipime kwa multimita.

Zimebaki nyekundu mbili ambazo hukuzitaja, na moja inaweza kukukuta njiani. Taa ya betri ikiwaka unatembea haisemi betri ni mbovu, inasema altaneta haichaji. Betri iliyopumzika ni volti 12.4 hadi 12.7, na injini ikiwaka mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Kabla ya kuamua kufika mjini kwa nguvu iliyobaki kwenye betri, simama uangalie mkanda. Kwenye injini yako mkanda unaozungusha altaneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Umekatika? Hutembei hata kilomita moja. Upo na umekaza? Zima redio, feni na eyakondishena, utafika karibu. Kinachofuata kupimwa ni kaboni za altaneta na rigileta, na mara nyingi hizo hutengenezwa bila kununua altaneta nzima.

Taa ya joto: pembeni, zima injini, usifungue kifuniko cha rejeta mpaka uweze kushika paipu ya juu kwa mkono. Kwa mwinuko wa Arusha, karibu mita 1,400, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachoyazuia kuchemka ndani ya rejeta ni presha ya kile kifuniko, kwa hiyo kifuniko kilicholegea mpira peke yake kinaweza kukuchemshia gari. Weka kulanti, si maji ya bomba. Na fundi akisema atatoa themostati ili gari lisichemke, mwambie airudishe au afunge mpya. Injini isiyofikia joto lake inaendelea kumwagiwa petroli nyingi kana kwamba ni asubuhi, na unaweza kupata P0128 juu ya P0171.

Jumatatu, basi, fundi aanze na kijiti cha oili na geji, breki za mbele na nyuma, halafu ndipo mashine. Namba iandikwe kwenye karatasi pamoja na joto, mwendo na mizunguko iliyohifadhiwa wakati hitilafu inatokea, kwa sababu kufuta namba kunafuta na ushahidi huo. Chanzo kikirekebishwa, taa hujizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo ambazo kompyuta imepima na kukuta shwari. Ikirudi na P0171 ileile wakati maungio hayavuti hewa na sensa ya hewa ni safi, mwambie apime presha ya petroli. Injini hii inahitaji kPa 304 hadi 343. Ikiwa chini ya hapo, ashushe pampu na aangalie kwanza ile soksi ya kichujio iliyo chini yake, kabla hajakuandikia bei ya pampu mpya.